Viini vinne na sauti bado inakatika: nani apange ratiba ya prosesa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko Moshi, ni fundi wa vyombo vya sauti na nimesoma elektroniki. Natengeneza miksa ya kidijitali kwa ajili ya kwaya za usharika wetu: maiki nane, sampuli 48,000 kwa sekunde, nachakata kwa bloku za sampuli 64. Kila maiki inapita kwenye kizuia fidibeki, kinachokata mluzi wa spika (nimepima, mikrosekunde 150 kwa bloku), kisha ikwalaiza (120). Baada ya hapo kuna kuchanganya (60), kompresa (100), na kuingiza na kutoa sauti, 40 kila upande. Zipo pia nyimbo za kwenye flashi zilizorekodiwa kwa 44,100. Nazibadilisha ziwe 48,000 (mikrosekunde 180) kwa kusoma sampuli 59 kila bloku, na bafa yake (kumbukumbu ya kushikilia sampuli kwa muda) ni ya sampuli 4,096. Kiini kimoja (core) cha prosesa kilishindwa, nikahamia bodi yenye viini vinne vya Cortex-A72, GHz 1.5, nikaipa kila hatua thredi yake (mkondo wake wa kazi) na kuiachia Linux, mfumo endeshi wa bodi, igawe. Sauti inakatika ovyo, na viini vinne ni vibaya kuliko nilipoiruhusu itumie viwili. Nyimbo za flashi nazo zinaruka baada ya kama sekunde 25, hata maiki zikiwa zimezimwa. Je, ipo programu ya kupanga ratiba itakayonisaidia, au ninunue prosesa ya DSP (ya kuchakata ishara) yenye viini vinane?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Umeleta vipimo, kwa hiyo naweza kukujibu kwa hesabu badala ya kukisia. Yapo matatizo mawili hapo, hayahusiani, na hakuna hata moja linalodai viini vinane. Kazi zote za kifaa chako zinajulikana kabla hujakiwasha: ngapi, zinafuatanaje, kila moja inakula muda gani. Kifaa cha namna hiyo ratiba yake hupangwa mezani. Linux haipaswi kuamua lolote kuhusu sauti yako. Kitu kimoja tu unakiacha bila kukipanga, nacho ni wakati hasa wa kila kazi kuanza, huko tutafika.

Tuanze na nyimbo za flashi, maana hilo linaisha leo leo. Gawanya 44,100 na 48,000 kwa 300, unapata 147 na 160. Yaani kila sampuli 147 zinazoingia kwenye kibadilishaji chako lazima zitoke 160, na uwiano huo haupunguziki zaidi. Sasa wewe unaingiza 59 kila bloku. Zidisha kwa 160, gawanya kwa 147: zinatoka sampuli 64.22. Bloku inachukua 64. Kila bloku inabaki sehemu ya sampuli, kama 0.22 hivi, na bloku zako ni 750 kwa sekunde, kwa hiyo kila sekunde zinarundikana sampuli 163 zisizo na mtu wa kuzichukua. Bafa ya 4,096 inajaa ndani ya sekunde 25. Ndiyo zile sekunde 25 zako. Ukiikuza bafa mara mbili utasikia kasoro hiyo hiyo kwenye sekunde ya 50, na wengi hufika hapo wakadhani wamepona.

Dawa yake inatokana na hesabu moja ambayo ndiyo msingi wa programu nyingi za kupanga ratiba ya uchakataji wa ishara. Mwaka 1987 Edward Lee na David Messerschmitt wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipendekeza kazi ichorwe kama grafu ya mtiririko wa data, na kila nodi (kazi moja kwenye mchoro) itangaze tangu mwanzo inakula sampuli ngapi na kutoa ngapi kila inapofanya kazi. Ukishatangaza hivyo, kwa kila mshale wa grafu unaandika mlinganyo: mara ambazo mtoaji atafanya kazi, zidisha kwa anachotoa, iwe sawa na mara za mpokeaji zidisha kwa anachokula. Ukitatua milinganyo yote kwa pamoja unapata namba nzima ndogo kabisa za marudio ya kila nodi. Ratiba ikikamilisha marudio hayo, bafa zote zinarudi kama zilivyokuwa mwanzo, na mzunguko unaweza kurudiwa mchana kutwa bila kumbukumbu kuongezeka hata kidogo. Milinganyo ikikosa jibu zaidi ya sifuri, hakuna mpangaji duniani atakayeiokoa grafu hiyo. Lazima bafa moja ijae au nyingine ikauke.

Kwako, namba ndogo inayogawanyika kwa 64 na pia kwa 160 ni 320, yaani bloku tano. Kwa bloku hizo tano unatakiwa kusoma sampuli 294. Basi soma 59 mara nne, kisha 58 mara moja, urudie. Nimekagua jumla hatua kwa hatua: baada ya kila bloku kibadilishaji kinakuwa kimeshatoa sampuli za kutosha bloku hiyo, na mwisho wa ya tano kinalingana sawasawa. Hutahitaji bafa ya 4,096 tena, chache zinatosha.

Ukiamua kukijenga kibadilishaji hicho kwa hatua, na kwa vichujio ni nafuu kufanya hivyo, kuna jambo la kuangalia. Mnyororo unaotumika sana kama mfano una hatua nne: ya kwanza inakula 1 na kutoa 2, ya pili inakula 3 na kutoa 2, ya tatu inakula 7 na kutoa 8, ya nne inakula 7 na kutoa 5. Marudio yake yanakuwa 147, 98, 28 na 32. Ukiandika kodi ya kivivu, kila hatua imalize marudio yake yote ndipo inayofuata ianze, bafa kuanzia chanzo hadi mwisho zinafika sampuli 1,021. Ukipanga vitanzi ndani ya vitanzi, hatua mbili za mwanzo zikipokezana kidogo kidogo kabla ya kuilisha ya tatu, zinashuka hadi 264, na kodi haijaongezeka. Kwenye bodi yako tofauti hiyo haitaonekana sana. Kwenye chipu yenye kumbukumbu ya kilobaiti chache ndiyo inayoamua kama kazi inaingia au haiingii.

Sasa sauti inayokatika. Bloku ya sampuli 64 kwa 48,000 ni mikrosekunde 1,333. Huo ndio muda wako wote, kila bloku, bila msamaha. Jumlisha kazi: maiki nane kwa 270 ni 2,160, kuingiza, kuchanganya, kompresa na kutoa ni 240, nyimbo 180. Jumla 2,580. Kiini kimoja kilishindwa kwa haki. Lakini viini vinne vina mikrosekunde 5,332 kwa kila bloku, zaidi ya maradufu ya unachohitaji, na bado inakatika. Uwezo unao. Kinachokutesa ni mpangilio.

Thredi zako ni karibu ishirini. Kila bloku, yaani mara 750 kwa sekunde, thredi hizo zinaamshwa, zinagombea kufuli (zamu ya kugusa data ya pamoja), zinalazwa, na Linux inaziweka popote inapoona nafasi. Ikwalaiza ya maiki ya tatu ilikuwa kiini cha pili, bloku inayofuata iko cha nne. Data na vigezo vyake viko kwenye kache (kumbukumbu ndogo ya haraka) ya kule ilikotoka, huku inaanza kuvivuta upya. Gharama hiyo haimo kwenye 120 uliyopima, kwa sababu ulipima kazi ikiwa peke yake, imetulia mahali pamoja.

Hata ukiondoa gharama zote hizo, lipo jambo linalowashangaza wengi. Ronald Graham wa Bell Labs alionyesha tangu 1966 kwamba kiini kikichukua tu kazi yoyote iliyo tayari kadiri kinavyopata nafasi, kuongeza viini kunaweza kurefusha muda wa kumaliza. Nakuwekea mfano wake ujaribu mwenyewe kwenye karatasi. Kazi tisa zimeorodheshwa kwa namba, na muda wake kwa mfuatano ni 3, 2, 2, 2, 4, 4, 4, 4 na 9. Kazi ya 9 lazima isubiri ya 1 iishe. Kazi za 5 hadi 8 zinasubiri ya 4. Kanuni ni moja: kiini kikiwa huru kinachukua kazi ya kwanza kwenye orodha iliyo tayari kufanywa.

Kwa viini vitatu: ya 1, ya 2 na ya 3 zinaanza pamoja. Kwenye muda wa 2, kiini cha pili kinachukua ya 4, na cha tatu kinakaa bure kwa kukosa kazi iliyo tayari. Muda wa 3, ya 1 imeisha, kiini cha kwanza kinaichukua ile ndefu ya 9 na kuimaliza muda wa 12. Vile viwili vingine vinagawana kazi nne za urefu wa 4 kuanzia muda wa 4, navyo vinamaliza muda wa 12. Safi kabisa, hakuna aliyemsubiri mwenzake mwishoni. Ongeza kiini cha nne: sasa ya 4 inaanza mwanzoni pamoja na zile tatu, inaisha muda wa 2, na mara moja kazi za 5, 6 na 7 zinakamata viini vitatu. Muda wa 3 kiini cha kwanza kinachukua ya 8, kwa kuwa ndiyo iliyo mbele kwenye orodha. Ile ndefu ya 9 inasubiri hadi muda wa 6 na kuisha muda wa 15. Umeongeza kiini, umechelewa kwa vipande vitatu. Rudi kwenye viini vitatu, punguza kila kazi kipande kimoja, kazi zote ziwe fupi zaidi, na utaona zinaisha muda wa 13 badala ya 12.

Naomba uufanye mfano huu kwa mkono wako kabla hujaendelea kusoma, kwa sababu maamuzi yote yanayofuata yametokana nao. Siwezi kuapa kwamba viini vinne vimekuwa vibaya kuliko viwili kwako kwa sababu hii pekee. Kuhamahama kwa thredi kuna mchango wake. Ila unaona kwamba kumwachia mpangaji achague wakati kazi inaendelea kunakunyima dhamana. Hata kama umepima muda mrefu kabisa wa kila kazi, kazi moja ikiisha mapema inaweza kubadili mfuatano na kuichelewesha ya mwisho.

Mpangaji wa ratiba ana maamuzi matatu: kazi ipi iende kiini kipi, kwenye kila kiini zifuatane vipi, na kila moja ianze saa ngapi. Mwaka 1989 Edward Lee na Soonhoi Ha waliyapanga mitindo ya upangaji kwa kuuliza maamuzi yapi yafanywe kabla na yapi yaachwe hadi kazi inapoendelea. Upande mmoja uko wewe wa leo: yote matatu yanaamuliwa papo hapo. Upande wa pili kila kitu kimefungwa, hadi saa ya kuanza, na huo unadai ujue muda wa kila kazi bila kukosea hata mzunguko mmoja wa saa ya prosesa. Kwenye prosesa yenye kache haiwezekani. Kati yake upo mtindo ninaokushauri: mahali na mfuatano vimefungwa kabisa, ila kazi inaanza pale tu data yake inapofika. Tuuite ratiba inayojiendesha kwa data.

Uzuri wake ni kwamba kioja cha Graham hakiwezi kutokea humo. Mfuatano ukiwa umefungwa, kazi ikiisha mapema, zinazoifuata ama zinaanza mapema ama zinabaki palepale, hakuna itakayochelewa. Kwa hiyo ukipanga kwa muda mrefu kabisa uliowahi kupima na ratiba ikaingia kwenye 1,333, unajua itaingia siku zote, mradi hakuna kazi itakayozidi muda huo. Dhamana hiyo ndiyo unayoitafuta, na mfumo endeshi wa kawaida hauwezi kukupa.

Sasa ratiba yako. Kupata iliyo bora kabisa kwa grafu yoyote ni tatizo gumu. Hakuna njia ya haraka inayojulikana, na hata kugawa kazi zisizotegemeana kwa viini viwili tu ni kugumu kwa maana hiyo. Kwa hiyo programu nyingi hutumia njia ya orodha: kila nodi inapewa uzito kulingana na urefu wa njia iliyobaki kutoka hapo hadi mwisho wa grafu, na yenye njia ndefu inatangulia. Njia hiyo haikupi jibu baya kupita mara mbili ya bora, nalo Graham alilithibitisha, mradi gharama ya kuwasiliana isihesabiwe. Kwako mambo ni mepesi, kwa sababu maiki zote nane zinafanana.

Tumia viini vitatu kwa sauti. Cha nne, kile namba 0, waachie Linux, skrini na Wi-Fi. Kiini A kinaingiza sauti, 0 hadi 40. Kisha A kinachukua maiki mbili tu, kinamaliza 580. B kinachukua tatu, C tatu, vinamaliza 850. Kati ya 580 na 850 A kina nafasi ya mikrosekunde 270, na nyimbo za flashi zinahitaji 180: ziweke hapo hapo. Kwenye mikrosekunde ya 850 A kinachanganya, 910 kinaanza kompresa, 1,010 kinatoa sauti, 1,050 kimemaliza. Zinabaki 283 za kulipia mawasiliano na misukosuko. Kizuia fidibeki na ikwalaiza ya maiki moja visitenganishwe kamwe. Vikae kiini kimoja, data ikiwa bado moto kwenye kache.

Utaona B na C vinakaa bure tangu 850. Viache. Mtu mwenye uchungu na vifaa vyake hutaka kila kiini kijae, lakini kwenye sauti ya moja kwa moja kiini kisicho na kazi kwa mikrosekunde mia kadhaa ni akiba ya siku mbaya. Kwa viini viwili tu maiki nne nne zingekula 1,080, pamoja na 240 ni 1,320, na nyimbo bado hujaziweka; hapana. Kwa vinane, nyimbo pia hujaziweka, ungemaliza 510. Muda wako ni 1,333, hiyo 510 ungeifanyia nini?

Na hata viini vingekuwa mia, kuna ukuta. Kizuia fidibeki chako kinasikiliza kilichotoka kwenye spika ili kukitoa kwenye maiki, kwa hiyo grafu yako ina duara: kizuia fidibeki, ikwalaiza, kuchanganya, kompresa, kisha kurudi kwenye kizuia fidibeki kwa ucheleweshaji wa bloku moja. Jumla ya duara ni 430. Markku Renfors na Yrjö Neuvo walionyesha 1981 kwamba hakuna ratiba inayoweza kuzidi kasi ya duara lake zito kuliko yote: chukua jumla ya kazi za duara, gawanya kwa idadi ya ucheleweshaji uliomo. Kwako ni 430 gawanya kwa moja. Kabla ya kununua kifaa kikubwa, tafuta maduara ya grafu yako kwanza.

Kwenye Linux fanya hivi. Badala ya thredi ishirini uwe na tatu, kila moja imefungwa kwenye kiini chake kwa pthread_setaffinity_np, na zote ziwe SCHED_FIFO, ngazi ya kipaumbele inayotangulia kazi za kawaida. Kwenye mstari wa kuwashia keneli (moyo wa Linux) weka isolcpus=1-3 ili kazi nyingine zisiingie humo. Interapti (ishara ya kuiita prosesa) ya kadi ya sauti ielekeze kiini A. Funga kumbukumbu kwa mlockall ili isihamishiwe diskini, na weka mwendo wa prosesa kwenye performance usipande na kushuka. Keneli iwe yenye PREEMPT_RT, utaratibu wa kuitikia kazi kwa wakati. Kuanzia toleo la 6.12 la mwaka 2024 imo ndani ya Linux yenyewe, huhitaji tena viraka vya pembeni.

Mawasiliano kati ya viini yawe ya bafa za mviringo zenye mwandishi mmoja na msomaji mmoja. Hizo hazihitaji kufuli; namba mbili za atomiki (zinazosomwa na kuandikwa bila kukatizwa) zinatosha, ya mwandishi na ya msomaji. Ila kila moja iweke kwenye mstari wake wa kache, ambao kwa Cortex-A72 ni baiti 64. Zikikaa mstari mmoja, viini viwili vitanyang'anyana mstari huo kila mmoja anapoandika, hata kama hawagusi namba moja. B na C vikisubiri data ya A ndani ya bloku, vizunguke vikiitazama ile namba, maana kulala na kuamshwa ni ghali. Bloku ikiisha, vilale. Usiziache thredi zizunguke muda wote: keneli nyingi za Linux za kabla ya 6.12 kwa kawaida huzipa kazi za SCHED_FIFO milisekunde 950 katika kila sekunde, na ukizimaliza zinasimamishwa hadi sekunde iishe. Mtu anasikia sauti ikikatika kila sekunde kwa mpigo sawa na kuanza kukagua nyaya.

Baada ya hapo pima, na upime kwa pini. Chagua pini moja ya bodi kwa kila kiini. Ipandishe kazi inapoanza, ishushe inapoisha, na uiangalie kwenye oskiloskopu kwa saa nzima, ukitafuta muda mrefu kuliko wote. Wastani hauna maana hapa. Pima kukiwa na kuimba kwa nguvu, Wi-Fi ikiwaka, mtu akibonyeza skrini. Na pima boksi likiwa limefungwa na misumari yake yote. Joto la Moshi la Januari na Februari, ndani ya boksi la bati lisilo na feni, juu ya amplifaya inayochemka, linaweza kuifanya bodi ipunguze mwendo wa saa yake kujiokoa, na hapo 120 yako inakuwa 160 katikati ya ibada. Kama huna oskiloskopu, panda gari uje nayo Arusha, ni kilomita kama 80 tu. Hapa Sakina ninayo, na tutaitazama pamoja.

Kuhusu programu za kupanga: zipo, na nzuri ni za bure. SDF3 ya Chuo Kikuu cha Teknolojia Eindhoven, Uholanzi, inakokotoa marudio, kasi ya juu ya grafu na ukubwa wa bafa. Ingekukamatia ile 59 kabla hujasikia mlio wowote. PREESM ya INSA Rennes, Ufaransa, inaenda mbali zaidi: unaichorea grafu na viini, inapanga, na inakutolea kodi ya C kwa kila kiini. Ptolemy ya Berkeley, iliyoanza 1990, ni nzuri kwa kujifunzia na kuiga mfumo kabla ya kuujenga. Kwa grafu yako ya nodi ishirini ningepanga kwa karatasi kwanza, kama nilivyofanya hapo juu, kisha ningeipeleka PREESM ikague. Anayeanza na programu bila kuijua grafu yake hupokea ratiba asiyoweza kuitetea ikikataa.

Kuhusu DSP ya viini vinane, kama TMS320C6678 ya Texas Instruments: ni chipu ya heshima, kila kiini kina kilobaiti 512 za kumbukumbu yake na megabaiti 4 wanagawana wote. Lakini chipu yenyewe haiweki sawa yaliyomo kwenye kache za viini vyake. Kiini kikiandika sampuli kwenye kumbukumbu ya pamoja, wewe ndiye wa kuamuru kache imwage, na kwa msomaji uamuru kache isahau ilichoshika, kila bloku, kila bafa. Ukisahau mahali pamoja, sauti ya bloku iliyopita inarudi mara moja moja na hutaona kosa kwenye kodi. Kwa maiki nane sioni sababu ya kukubebesha hilo.

Najua usharika hauishii maiki nane, kwa hiyo niiweke na hesabu ya 16. Zote zikipewa kizuia fidibeki, viini vitatu haviwezi: kiini chenye maiki sita kinahitaji 1,620. Lakini maiki za nyuma ya kwaya, mbali na spika, hazihitaji kizuia fidibeki. Ziwe sita zenye nacho na kumi zenye ikwalaiza tu. B na C vichukue kila kimoja maiki mbili nzito na nne nyepesi, A mbili nzito, mbili nyepesi na nyimbo. Ratiba inaisha 1,260, zinabaki 73, na mimi nisingeipeleka kanisani ikiwa hivyo. Hapo ndipo pa kuigawa kazi ya bloku moja kwenye vipindi viwili: A kikishaingiza bloku mpya, kichanganye na kutoa ile iliyotangulia, kisha kishike maiki nzito moja, nyepesi tatu na nyimbo, B nzito tatu na nyepesi mbili, C nzito mbili na nyepesi tano. Mwisho wa C unakuwa 1,180, na A na B vinamaliza kabla yake. Gharama ni ucheleweshaji wa bloku moja zaidi, milisekunde 1.33. Leo una kama milisekunde 4 kwa kuingiza, kuchakata na kutoa, sawa na mwimbaji kusimama mita 1.4 kutoka kwenye spika yake. Itakuwa kama mita 1.8. Waimbaji wataivumilia. Usisahau tu kukiambia kizuia fidibeki kwamba sauti ya spika sasa imechelewa bloku mbili badala ya moja, la sivyo kitatafuta mluzi mahali ambapo haupo.